Kisa cha Ndakasi: gorila aliyeokolewa Virunga, na kwa nini hakurudi msituni

Juni 2007, askari wa Hifadhi ya Taifa ya Virunga, mashariki mwa Kongo, walimkuta gorila jike amekufa kwa risasi. Alikuwa ameuawa saa chache tu kabla hawajafika. Alitoka katika familia ya Kabirizi, mojawapo ya familia za gorila wa milimani zilizozoeshwa watu na kufuatiliwa na askari kwa karibu. Kifuani pake alikuwa ameng'ang'ania mtoto wa kike wa miezi miwili. Askari walikuwa wakimjua mtoto huyo tangu Aprili, alipozaliwa. Aliitwa Ndakasi. Kuanzia siku ile hadi alipokufa mwaka 2021, hakuishi tena msituni pasipo uzio wala mlezi.

Wengi wanamjua Ndakasi kwa picha mbili zilizozunguka dunia nzima, na nitazifikia. Hapa nataka kumtazama kama kisa cha malezi: uamuzi upi ulifanywa, wakati gani, na kila uamuzi ulifungua mlango gani na kufunga upi. Ukikipitia kisa hiki kwa mpangilio huo unagundua jambo linalokera kidogo: kilichomwokoa usiku wa kwanza ndicho hicho hicho kilichomzuia kurudi msituni baadaye, na wala huwezi kumwonyesha mtu kidole kwamba hapa alikosea.

Usiku wa kwanza

Familia ya Kabirizi ilikuwepo. Kwa nini wasimrudishie mtoto wao?

Jibu ni umri. Gorila hunyonya hadi kufika miaka mitatu au minne. Akiwa mchanga mama yake hamtui: mchana yuko kifuani au mgongoni, usiku wanalala kiota kimoja cha majani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliotumia kumbukumbu za zaidi ya miaka 50 za gorila wa milimani wa upande wa Rwanda, ulionyesha kwamba mtoto akifiwa na mama akiwa ameshapita miaka miwili, jamaa zake humpokea. Dume kiongozi, yule mwenye mgongo wa rangi ya fedha, humwacha akae na kulala karibu naye, wenzake wa rika lake humzunguka, na wengi wanakua salama. Lakini dume, hata awe mpole kiasi gani, hana maziwa. Mtoto wa miezi miwili akiachwa msituni hana siku nyingi. Laiti Ndakasi angekuwa na miaka mitatu siku ile, huenda uamuzi wa busara ungekuwa kumwacha pale pale na kuifuatilia familia kwa mbali.

Basi wakamteremsha hadi Goma. Kongo haikuwa na kituo chochote cha kudumu cha gorila wa milimani yatima, wala hakukuwa na mwongozo wa kufuata ukurasa kwa ukurasa. Kazi ikamwangukia André Bauma, mfanyakazi wa hifadhi. Usiku ule alimlaza kifuani akiwa kifua wazi, ngozi kwa ngozi, kama wakunga wanavyomwelekeza mama aliyejifungua mtoto njiti. Sababu ni zile zile: mtoto hawezi kujipasha joto mwenyewe, na anatulia akihisi pumzi ya mtu. Alikuwa hoi, na hakuna aliyethubutu kuahidi kwamba kutakucha akiwa hai.

Kukakucha. Kisha ukaja usiku wa pili, na wa tatu, na miezi. Maziwa ya kopo kwa chupa, mchana na usiku. Mtu wa kumbeba alipokuwa macho, mtu wa kulala naye alipopata usingizi. Miaka kadhaa baadaye Bauma aliwaeleza waandishi wa habari kwamba walilala kitanda kimoja, akacheza naye, akamlisha, na kwamba angeweza kusema yeye ndiye mama yake. Sidhani alikuwa anatia chumvi. Kwa Ndakasi, umbo la kwanza alilolijua kama usalama lilikuwa la mwanamume wa Kikongo mwenye sare ya hifadhi.

Mbona dubu wanarudi?

Hapa kuna swali la haki, hasa kutoka kwa mtu anayefuatilia vituo vya wanyama yatima kwingineko. Kijiji cha Bubonitsy, mkoa wa Tver nchini Urusi, kina kituo kilichoanzishwa na mtafiti Valentin Pazhetnov na familia yake, ambako watoto wa dubu yatima hulelewa na kurudishwa msituni. Zaidi ya 200 wamesharudi. Utaratibu wao ni mkavu mno machoni pa mtu anayependa wanyama: mlezi hasemi neno mbele ya watoto, hawabembelezi, hawapi majina ya kuwaita. Analeta chakula, anaondoka. Dubu anayekua hivyo anabaki na woga wake wa binadamu, na woga huo ndio utakaomlinda na bunduki.

Kwa nini Goma wasifanye hivyo?

Kwa sababu dubu na gorila hawahitaji kitu kimoja. Watoto wa dubu huzaliwa pangoni katikati ya baridi kali, kwa kawaida wawili au zaidi, na wakiwa pamoja wanatiana joto. Mama huachana nao wakiwa na mwaka mmoja na nusu hadi miwili na kitu, kisha kila mmoja anashika njia yake. Dubu mzima huishi peke yake. Anachopaswa kujua ni kula nini, kulala wapi na kumkimbia nani, na sehemu kubwa ya hayo anaigundua mwenyewe kwa pua yake. Mtoto wa gorila asipoguswa anazubaa, anakataa chupa, anaugua. Na akishakua hawezi kuishi bila familia, kwani familia ndiyo inayomfundisha majani yepi ni chakula, ndiyo inayomlinda, ndiyo nchi yake. Kwa hiyo ule ukimya wa Bubonitsy, ambao kwa dubu ni uokozi, kwa Ndakasi ungekuwa kifo cha polepole. Walezi wa Goma hawakuwa na njia ya kumlea bila kumzoesha watu. Walichoweza kuchagua ni kama atakuwa na watu peke yao au na gorila mwenzake pia.

Ndeze

Chaguo hilo lilikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeiomba. Tarehe 22 Julai 2007, usiku, watu wenye silaha waliivamia familia ya Rugendo, jirani na eneo lile lile. Dume kiongozi Senkwekwe aliuawa pamoja na majike. Wanakijiji walimbeba Senkwekwe kutoka msituni juu ya machela ya miti, na picha ya mpiga picha Brent Stirton ya msafara ule, mwili mkubwa mweusi juu ya mabega ya watu wengi, ndiyo iliyoufanya ulimwengu uuelewe msiba wa Virunga.

Ni vizuri kusimama hapa kidogo, maana sababu ya mauaji inagusa moja kwa moja suala la yatima. Kwa kawaida jangili anaua familia ili apate mtoto wa kuuza, au anataka nyama. Safari hii mizoga iliachwa pale ilipoanguka. Uchunguzi ulielekeza kwenye biashara haramu ya mkaa. Jiji la Goma linapikia mkaa, na mkaa mzuri unatokana na miti migumu ya msitu wa hifadhi. Gorila ndio sababu kubwa ya msitu ule kulindwa, na askari waliokuwa wakiizuia biashara ya mkaa walikuwa wakiwapenda gorila hao kuliko kitu chochote. Kuwaua kulikuwa ujumbe.

Mmoja wa majike waliouawa, Safari, aliacha mtoto wa kike anayeitwa Ndeze, aliyekaribiana sana umri na Ndakasi. Alipatikana akiwa hai, naye akaletwa Goma.

Kuwaweka wawili hawa pamoja naliona kuwa uamuzi bora kuliko mwingine wowote katika kisa kizima. Kabla ya hapo Ndakasi alikuwa na mama wa aina nyingine. Baada ya hapo alikuwa na ndugu. Watoto wawili wa gorila wakiachwa sakafuni wanashikana, wanang'atana, wanapandana, mmoja anaanguka na mwingine anamrukia juu yake. Kila mmoja anajifunza nguvu zake zinaishia wapi kwa kusikia mwenzake analia. Hakuna mlezi anayeweza kufundisha hilo. Mlezi aking'atwa na gorila anajiondoa, gorila mwenzake anamrudishia. Walezi nao walijifunza kutoa ule mkoromo mzito wa kooni ambao gorila aliyeshiba na kutulia huutoa, ili watoto wausikie kama wangeusikia kwa jamaa zao. Tangu hapo mpaka 2021, Ndakasi na Ndeze hawakutenganishwa.

Lakini wawili si familia. Hapakuwa na dume, hapakuwa na jike mzima, hapakuwa na mtu mzima wa kabila lao wa kuwaonyesha maisha.

Rumangabo

Goma haikuwafaa. Ni jiji la vumbi na majivu ya volkano, halina msitu, na kila mtu anayepita ana mafua yake. Mwishoni mwa 2009 walihamishiwa Rumangabo, makao makuu ya hifadhi, katika kipande cha msitu kilichozungushiwa uzio na kupewa jina la Senkwekwe. Walijiunga nao yatima wengine: Maisha, jike aliyenyang'anywa majangili upande wa Rwanda, na Kaboko, dume aliyepoteza mkono kwa tanzi. Baadaye, 2013, akaja Matabishi. Ni kituo pekee duniani chenye gorila wa milimani walio chini ya uangalizi wa binadamu. Gorila unaowaona katika bustani za wanyama za Ulaya na Marekani ni wa nyanda za chini.

Kwa nini hapo wasipelekwe msituni? Walikuwa wadogo bado, wana nguvu, na msitu uko mbele ya macho yao.

Jambo hili liliwahi kujaribiwa. Mwaka 1980 Dian Fossey, aliyekuwa akichunguza gorila upande wa Rwanda, alijaribu kumrudisha yatima mmoja, Bonane. Kundi la kwanza lilimkataa, tena kwa kumpiga. La pili likampokea. Hakuishi muda mrefu. Homa ya mapafu ilimwua. Miaka zaidi ya kumi kabla yake, Fossey alikuwa amewauguza watoto wengine wawili, Coco na Pucker, waliokuwa wamekamatwa kwa ajili ya bustani ya wanyama ya Köln, Ujerumani. Walipelekwa huko, na wote wawili walikufa mwaka 1978. Huo ndio ulikuwa urithi wa maarifa: mmoja alirudi akafa, wawili wakaenda ughaibuni wakafa.

Kinachoogopesha zaidi ni maradhi, na hapo ndipo usiku ule wa kifua kwa kifua unapokuja kudai malipo. Gorila anaambukizwa karibu kila ugonjwa unaompata binadamu kwa njia ya hewa. Mwaka 2009 familia moja ya gorila wa milimani huko Rwanda ilipata virusi vya binadamu vinavyoshambulia njia ya hewa, na waliokufa walikuwemo jike na kichanga. Gorila aliyekulia mikononi mwa watu amekunywa pumzi zao kwa miaka. Ukimpeleka katika familia ya porini unaweza kuwa unapeleka ugonjwa kwa jamii nzima ambayo wakati ule haikufika 800 duniani kote. Madaktari wa wanyama wa Gorilla Doctors, wanaohudumia gorila wa nchi zote tatu, Kongo, Rwanda na Uganda, walilazimika kupima hatari ya mmoja dhidi ya hatari ya wote. Ukizidisha na ukweli kwamba gorila huyo hamwogopi binadamu, katika msitu ambamo binadamu wengine wanakuja na tanzi na bunduki, hesabu inakuwa wazi hata kama haifurahishi.

Kwa hiyo walibaki. Mwaka 2012 waasi wa M23 walipolichukua eneo hilo, wafanyakazi wengi wa hifadhi walihamishwa, lakini Bauma aligoma kuwaacha gorila. Kaboko alifariki mwaka huo huo, baada ya kuugua wakati wa mapigano. Hili nalo ni sehemu ya gharama ya kulea yatima asiyeweza kurudi: mnyama wa porini hukimbia mabomu akaingia ndani zaidi ya msitu, ila aliye ndani ya uzio anasubiri mtu wake.

Picha mbili

Aprili 2019 askari Mathieu Shamavu alipiga selfi kituoni. Nyuma yake Ndakasi na Ndeze wamesimama wima kwa miguu miwili, mmoja wao akichungulia kama mtu aliyechelewa kwenye picha ya arusi. Ulimwengu ulicheka. Hifadhi nayo ilitoa maelezo haraka kwamba mazingira ya kituo ni ya pekee, na kwamba gorila wa porini hasogelewi hivyo kamwe. Maelezo yalikuwa ya lazima, ila wanaosambaza picha hawasambazi maelezo. Picha ile iliwaletea fedha na marafiki, na wakati huo huo ikawafundisha watu wengi jambo la uongo, kwamba gorila ni wa kukumbatiwa. Ningekuwa na sauti pale, ningeitumia picha hiyo, lakini nisingeiacha itoke bila habari ya mama wa Ndakasi kuandikwa juu yake kwa herufi kubwa.

Ya pili ilipigwa Septemba 2021, siku chache kabla ya mwisho, na mpiga picha yule yule Stirton. Ndakasi ameegemea kifua cha Bauma, amekonda, vidole vya mguu vimeshika buti la mlezi wake. Alifariki jioni ya tarehe 26 Septemba 2021 mikononi mwa Bauma, baada ya ugonjwa wa muda mrefu. Alikuwa na miaka 14; gorila jike wa porini anaweza kupita miaka 35. Bauma alisema alimpenda kama mtoto wake.

Je, ilistahili?

Wapo wanaouliza, na si watu wabaya: fedha na miaka ya walezi wote hao kwa mnyama ambaye hakuzaa na hakurudi, ilikuwa ya nini? Idadi ya gorila wa milimani imepanda mpaka 1,063 kwa sensa zilizojumlishwa mwaka 2019, na Ndakasi hakuongeza hata mmoja. Walioongeza ni askari wanaotegua tanzi kila siku, madaktari wanaotibu gorila huko huko msituni, na fedha za utalii. Zaidi ya askari 200 wa Virunga wamekufa kazini tangu hifadhi ianzishwe mwaka 1925. Ukitaka kuhesabu vichwa, hapo ndipo pa kuweka fedha.

Ila kuna hesabu ambayo watu wengi huisahau. Polisi au askari anayemkamata mfanyabiashara na mtoto wa gorila kikapuni lazima awe na mahali pa kumpeleka mtoto huyo. Pasipokuwepo, ushahidi unafia kituoni, au mnyama anaishia kwa mtu mkubwa, na mara ijayo askari anafumba macho. Maisha alinyang'anywa majangili, akapata pa kulelewa. Kituo cha yatima ni kiungo cha sheria kabla hakijawa kitu cha huruma, na ndiyo maana ningekitetea hata kama hakitamrudisha gorila hata mmoja.

Na mlango haukufungwa kwa gorila wote. Katika Kivu Kaskazini, jimbo lenye Goma na Rumangabo, huko Kasugho, kuna kituo cha GRACE kilichofunguliwa mwaka 2010 kwa ajili ya yatima wa aina nyingine, gorila wa Grauer. Kule yatima hukaa katika kundi moja kubwa lenye dume na majike wa umri mbalimbali, ndani ya msitu mpana uliozungushiwa uzio. Mgeni akifika anashughulikiwa na binadamu kwa muda, kisha anakabidhiwa kwa gorila wenzake, na binadamu anarudi nyuma. Majike wanne wa kundi hilo walipelekwa mlima Tshiaberimu, ndani ya Virunga, ambako kundi dogo la porini lilikuwa hatarini kutoweka. Walikaa kwanza ndani ya uzio mlimani, wakizoea baridi na majani ya huko, huku wa porini wakija kuwachungulia. Mwaka 2024 uzio ukafunguliwa, nao wakaenda.

Walikuwa majike wazima, na kwa gorila ni kawaida jike mzima kuhama kundi na kwenda kwa dume mwingine, kwa hiyo walichoombwa kufanya kilikuwa tayari katika maumbile yao. Walikuwa wanne waliojuana. Na walikuwa wamelelewa kwa miaka mingi na gorila zaidi ya watu. Mwaka 2007 Goma haikuwa na kundi kama hilo la kumkabidhi mtoto wa miezi miwili. Ilikuwa na Bauma, chupa ya maziwa, na baada ya wiki sita hivi, Ndeze.